Zamu ya Usiku na Kukoma Hedhi: Wajibu wa Hospitali kwa Wauguzi Wake

Muuguzi aliyeajiriwa akiwa na umri wa miaka 25 huwa ametimiza robo karne kazini afikapo miaka 50. Ndiye anayeupata mshipa wa mtoto mchanga pale wenzake wote waliposhindwa. Ndiye anayeitwa mzazi anapovuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua. Ndiye anayewafundisha kazi walioripoti juzi. Kwa utaratibu wa utumishi wa umma nchini Tanzania, amebakiwa na miaka 5 kufikia umri wa kustaafu kwa hiari, na 10 kufikia ule wa kustaafu kwa lazima. Ni katika umri huohuo ambapo hedhi yake hukoma, na kwa wanawake wengi kukoma huko hakupiti kimya.

Muuguzi huyo alipokuwa mjamzito, mwajiri alijua la kufanya. Likizo ya uzazi ina siku zake 84 kisheria, kunyonyesha kuna saa zake, na hata kazi ya usiku ina makatazo yake kwa mwenye mimba. Alipofika upande wa pili wa umri wa uzazi, hakuna fomu, hakuna mwongozo, na mara nyingi hakuna hata neno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba wanawake ni takribani asilimia 70 ya wafanyakazi wote wa sekta ya afya na ustawi wa jamii duniani. Kwa hesabu hiyo, hospitali ingepaswa kuwa ya kwanza kati ya sehemu za kazi kulielewa jambo hili. Kwa sehemu kubwa imekuwa kinyume: wanaojua tiba ya kila mtu ndio wanaotazamiwa kujitibu wenyewe, kimyakimya, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Kinachotokea mwilini

Kukoma hedhi hutambuliwa baada ya mwanamke kukaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipokuwa na sababu nyingine kama vile ujauzito, maradhi au dawa. Wanawake wengi hufikia hatua hiyo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ikitokea kabla ya miaka 45 huitwa mapema. Ikitokea kabla ya 40, hilo ni tatizo la kitabibu linalohitaji uchunguzi na matibabu yake mahususi, kwa sababu mifupa na moyo hupoteza kinga ya homoni kwa miaka mingi kuliko ilivyokusudiwa.

Hata hivyo, mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla ya hedhi ya mwisho. Ovari hazizimiki kwa siku moja kama taa. Mwezi mmoja huzalisha estrojeni nyingi, mwezi unaofuata kidogo, na hedhi huja mapema, huchelewa, hupungua au humwagika kwa wingi wa kutisha. Hiki ndicho kipindi cha mpito, na kwa upande wa kazi mara nyingi ndicho kigumu kuliko chenyewe kinachokuja baadaye.

Dalili inayojulikana zaidi ni joto la ghafla. Katika ubongo kuna sehemu, haipothalamasi, inayosimamia joto la mwili. Kwa kawaida huvumilia mabadiliko madogo ya joto bila kuchukua hatua yoyote. Estrojeni inapopungua, uvumilivu huo hupungua pia: joto likipanda kidogo tu, ubongo hutoa amri kana kwamba mwili unaungua. Mishipa ya damu ya ngozi hutanuka, moyo huenda mbio, jasho hububujika kifuani, shingoni na usoni. Kipindi kimoja huchukua kwa kawaida dakika 1 hadi 5, kisha baridi hufuata. Vitabu vingi vya tiba huandika kwamba uso huwa mwekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, na hivyo mwenzake wodini huona tu mtu aliyeloa jasho, au mtu aliyeacha ghafla alichokuwa akifanya akatoka nje. Asipoelewa, humhesabia kuwa na hasira au uvivu.

Joto likija usiku humwamsha aliyelala. Usingizi uliokatikakatika kwa wiki na miezi huzaa uchovu, usahaulifu, kukosa umakini na wepesi wa kukasirika. Wengine huumwa viungo, wengine hupatwa na mapigo ya moyo ya kutisha, wasiwasi au sononeko. Uke hukauka, tendo la ndoa huuma, na maambukizi ya njia ya mkojo huweza kujirudia. Haya ya mwisho huongezeka kadiri miaka inavyokwenda badala ya kupungua, na ndiyo yanayosemwa kwa nadra kuliko yote.

Je, hali hii hudumu muda gani? Jibu linalotolewa barazani ni kuwa itapita baada ya miezi michache. Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kwa kifupi cha SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 kwamba miongoni mwa waliokuwa na joto la ghafla mara kwa mara, nusu yao waliendelea nalo kwa zaidi ya miaka 7.4. Kwa wanawake wenye asili ya Afrika muda huo ulizidi miaka 10. Hao ni Wamarekani, na maisha yao si ya Mbeya wala Mombasa; lakini anayempangia muuguzi zamu hana sababu ya kudhani kwamba mwezi ujao mambo yatakuwa yamekwisha.

Ikumbukwe pia kwamba si kila mwanamke huteseka. Wapo wanaopita kipindi hiki kwa usumbufu mdogo tu, na wapo wanaofurahia kuachana na hedhi. Meneja anayemchukulia kila mtumishi wa miaka 50 kuwa mgonjwa hufanya kosa lilelile la anayemchukulia kila anayelalamika kuwa mvivu.

Wodi yenyewe

Kazi ya hospitali ina namna yake ya kuzikuza dalili hizi. Katika chumba cha upasuaji, muuguzi aliyevaa gauni, kofia, barakoa na glavu hawezi kufungua hata kishikizo kimoja joto linapompanda, wala hawezi kujifuta uso. Katika wodi ya kifua kikuu barakoa nzito huvaliwa kwa saa nyingi. Katika wodi za kawaida sare bado hushonwa kwa kitambaa kisichopitisha hewa, kwa sababu hakikunjamani na hudumu. Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari, feni moja katikati ya wodi humpepea mgonjwa. Meza ya muuguzi iko pembeni.

Zamu ya usiku ni sura nyingine. Anayetoka kazini asubuhi hulala mchana, wakati bati limeshika jua, watoto wa jirani wanacheza na redio inasikika. Usingizi huo ni mwepesi hata kwa kijana. Kwa mwanamke ambaye hata usiku wake wa mapumziko hukatizwa na jasho mara tatu au nne, zamu za usiku zinazofuatana humwacha na deni la usingizi asiloweza kulilipa. Kisha saa kumi alfajiri anatakiwa akokotoe dozi ya mtoto mwenye kilo 4. Hapa suala linaacha kuwa la faraja ya mtumishi peke yake. Linakuwa la usalama wa mgonjwa.

Jambo ambalo huzungumzwa kidogo kuliko joto, na pengine huathiri kazi zaidi katika kipindi cha mpito, ni damu. Hedhi nzito isiyotabirika, yenye madonge, humfanya muuguzi aogope kusimama muda mrefu, aogope sare nyeupe, na apange zamu yake yote kwa kufuata umbali wa choo. Wanawake wenye asili ya Afrika hupata uvimbe wa fibroidi kwa wingi kuliko wengine, na uvimbe huo huongeza utokaji wa damu. Matokeo yake ni upungufu wa damu. Mwanamke asiye mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu huo, na uchovu wake hauondolewi kwa kuambiwa apumzike. Inashangaza ni wauguzi wangapi wanaopima himoglobini za wengine kila siku bila kupima ya kwao.

Si kila jasho la usiku ni kukoma hedhi

Mtoa huduma anayemsikiliza mwenzake akieleza dalili hizi anapaswa kuwa na fikra mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza: huenda ni kukoma hedhi, na hilo linatosha kusaidiwa. Ya pili: huenda ni kitu kingine.

Kutoka jasho usiku ni mojawapo ya maswali manne ya uchunguzi wa kifua kikuu yanayoulizwa katika vituo vyote, pamoja na kikohozi, homa na kupungua uzito. Muuguzi anaishi karibu na ugonjwa huo kuliko raia wa kawaida. Akiwa na miaka 49 na anatoka jasho usiku, mtu mwepesi atasema ni umri. Aulizwe maswali yale matatu yaliyobaki, na likiwapo jibu la ndiyo, apimwe makohozi. Maambukizi ya VVU yasiyotibiwa, malaria na kuzidi kwa kazi ya tezi ya shingoni iitwayo thairoidi huweza pia kuleta jasho, joto au mapigo ya moyo ya kasi. Kinyume chake nacho hutokea: mwanamke anayeishi na VVU, anayetumia dawa zake vizuri na ambaye virusi havionekani katika vipimo, hupimwa tena na tena kwa sababu ya jasho lake, na hakuna anayemuuliza mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa lini.

Damu inayotoka baada ya miezi 12 ya kutoona hedhi haipaswi kamwe kuitwa hedhi iliyorudi. Ni dalili inayohitaji uchunguzi wa mfuko wa uzazi na shingo yake bila kungoja, kwa kuwa saratani ni mojawapo ya visababishi. Vivyo hivyo hedhi inayopita siku zake, au damu ya baada ya tendo la ndoa, haiwezi kuwekwa kwenye kapu la mpito kabla ya kuchunguzwa.

Na mimba? Katika kipindi cha mpito bado inawezekana. Ushauri unaotumika ni kuendelea na uzazi wa mpango kwa mwaka 1 baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyetimiza miaka 50, na miaka 2 kwa aliye chini ya umri huo. Wanaotumia sindano au kipandikizi huenda hawaoni hedhi kwa sababu ya njia hiyo, kwa hiyo hesabu ya miezi 12 haiwahusu moja kwa moja.

Kwa mwanamke aliyezidi miaka 45 mwenye joto la ghafla na hedhi iliyobadilika, utambuzi hufanywa kwa maelezo yake. Vipimo vya homoni katika damu havihitajiki, na kwa kuwa homoni hupanda na kushuka siku hadi siku, jibu moja la maabara huweza kupotosha. Fedha hizo ni heri zitumike kupima himoglobini, shinikizo la damu na sukari, na kuchunguza shingo ya kizazi.

Matibabu

Tiba iliyothibitika kuwa na nguvu kuliko nyingine dhidi ya joto la ghafla ni ya homoni: estrojeni, pamoja na homoni ya kundi la projesteroni kwa kila mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko huo na kuongeza hatari ya saratani. Madaktari wengi waliosoma katika miaka ya 2000 waliiogopa tiba hii kutokana na jaribio kubwa la Marekani lililositisha sehemu yake mwaka 2002, baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti na matatizo ya moyo na mishipa. Lakini wastani wa umri wa wanawake wa jaribio lile ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wameacha hedhi miaka mingi nyuma. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ya mwisho, na ambaye dalili zinamsumbua, faida kwa kawaida huzidi madhara. Haimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au kuganda kwa damu mishipani, mwenye ugonjwa mkali wa ini, wala anayetokwa damu ambayo sababu yake haijajulikana. Anayetumia rifampisini, na baadhi ya wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, wanahitaji ushauri wa daktari bingwa, kwa kuwa dawa hizo hubadilisha kiwango cha homoni mwilini.

Kwa wasioweza au wasiotaka homoni, dawa chache zilizotengenezwa kwa maradhi mengine, zikiwemo venlafaksini na gabapentini, hupunguza joto la ghafla. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mwenendo husaidia usingizi na namna ya kuyakabili mawimbi ya joto. Ukavu wa uke hutibiwa kwa estrojeni ya kiasi kidogo inayowekwa mahali penyewe. Hedhi nzito ina tiba zake, na kitanzi chenye homoni ni mojawapo ya zilizo bora.

Dawa hizi hazipatikani katika kila kituo, na pengo hilo limejazwa na wauzaji wa mitandaoni wenye vidonge na unga wa kusawazisha homoni, kwa bei ambayo ingetosha kununua dawa yenye jina na dozi inayojulikana. Wauguzi nao ni wateja wao. Anayetumia bidhaa ya namna hiyo amweleze daktari wake bila kuona haya. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za shinikizo la damu na za kuzuia damu kuganda.

Mazungumzo na mfawidhi

Tiba hupunguza dalili, lakini ratiba ya zamu hupangwa na mtu. Mtu huyo, yaani muuguzi mfawidhi wa wodi, ndiye mwenye uwezo mkubwa kuliko mwongozo wowote wa wizara.

Ugumu wa kwanza ni wa adabu. Mfawidhi huenda ni kijana wa kiume wa miaka 32 mwenye shahada, na muuguzi ni mama wa miaka 51 ambaye yeye humwamkia kila asubuhi. Kijana hamwiti kwa jina; humwita Mama, na anamaanisha hivyo. Katika heshima hiyo, mama hawezi kumweleza mwanawe habari za damu na jasho la kitandani, na kijana hawezi kumuuliza. Kwa hiyo kauli kwamba mlango wa ofisi uko wazi haisaidii kitu. Panahitajika njia ya pili: matroni au mwanamke mwingine wa makamo aliyeteuliwa na kufahamika kwa wote, ambaye mtumishi anaweza kumwendea, naye akampelekea mfawidhi ombi la mabadiliko ya zamu bila kueleza chanzo. Iwapo mfawidhi mwenyewe analazimika kuuliza, swali linalofaa ni kuhusu kazi: “Mama, kuna jambo lolote katika zamu au mazingira ya kazi ambalo tukilibadilisha litakurahisishia?” Hapo mama ana uhuru wa kujibu kwa kadiri anayotaka. Kumuuliza kama “ameshakoma” ni kumvunjia heshima, hata kama nia ni njema.

Ugumu wa pili ni siri. Muuguzi akitibiwa katika hospitali anayofanyia kazi, jalada lake hupita mikononi mwa wenzake: mapokezi, maabara, dirisha la dawa. Wengi huacha kutafuta huduma kwa sababu hiyo tu. Kumruhusu atibiwe katika kituo kingine, na kumpa muda wa kwenda huko, si upendeleo.

Yanayoweza kufanywa wodini bila kuomba bajeti ya mwaka ujao ni mengi kuliko inavyodhaniwa. Maji ya kunywa karibu na meza ya kazi. Feni ndogo chumba cha dawa. Sare ya ziada kabatini na mahali pa kubadilishia. Ruhusa ya kuvaa suruali na blauzi za pamba za rangi nzito badala ya gauni jeupe. Pedi katika choo cha watumishi, ambacho kiwe kinafungika kwa ndani na kina maji. Mtu wa kumshikia nafasi dakika 10 bila kuulizwa maswali. Katika chumba cha upasuaji hilo lipangwe kabla mgonjwa hajalazwa mezani. Mambo haya yakiwekwa kwa ajili ya wote, hakuna atakayenyooshewa kidole kwa kuyatumia, na muuguzi kijana mwenye hedhi chungu atanufaika pia.

Kuhusu zamu, panapo nafasi, usiku usizidi siku tatu mfululizo, na ufuatwe na mapumziko ya kutosha. Ratiba itolewe mapema ili watu waweze kubadilishana. Anayepata nafuu baada ya wiki kadhaa za matibabu huenda asihitaji kitu kingine chochote.

Pingamizi kuu ni uhaba wa watumishi, nalo si la kupuuzwa. Wodi yenye wauguzi wachache ikimwondoa mmoja usiku, wengine watazibeba zamu zake, na manung’uniko yataanza kabla ya mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kumwondoa mtu zamu ya usiku kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, yenye muda maalumu, baada ya tiba kuanza na mazingira kurekebishwa. Anaweza kubeba mzigo mwingine kwa kubadilishana: zamu za jioni, siku za sikukuu, mafunzo ya wauguzi wapya. Lakini uhaba huohuo ndio unaofanya hesabu ya upande wa pili iwe nzito. Muuguzi asiyesaidiwa akiwa na miaka 51 huihesabu miaka 55 kwa vidole, na akiondoka kwa hiari anaondoka na ujuzi ambao mwajiriwa mpya atahitaji miaka mingi kuufikia. Aidha, wapo wasiotaka kuondolewa usiku kwa sababu malipo yake ya ziada ndiyo karo ya mtoto. Uamuzi huo ni wao.

Wafanyakazi wa viwandani, mashambani na madarasani wanakutana na mambo yaleyale, wengi wao bila hata choo kilicho karibu. Na mama lishe aliye mbele ya moto tangu alfajiri hana mfawidhi wa kumwomba kitu. Hao wanastahili makala yao.

Sheria na cheti cha daktari

Nchini Uingereza suala hili limekwisha kuingia katika nyaraka rasmi: huduma ya taifa ya afya ya England ilitoa mwongozo kwa waajiri wake mwaka 2022, na mwaka 2024 tume ya usawa ya nchi hiyo ikafafanua kwamba dalili za kukoma hedhi, zikiwa nzito na za muda mrefu, zaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu chini ya sheria ya usawa ya 2010.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haitaji kukoma hedhi. Hata hivyo haimwachi mtumishi mikono mitupu. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na miongoni mwa misingi inayotajwa ni jinsi, jinsia, umri na ulemavu. Kifungu cha 32 kinatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Chenye manufaa zaidi hapa ni kifungu cha 20. Kinaeleza kwamba usiku ni saa zilizo kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kinamkataza mwajiri kumfanyisha kazi ya usiku mfanyakazi aliyethibitishwa kitabibu kuwa hafai kwa kazi hiyo. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayeingia katika hali hiyo anapaswa kuhamishiwa kazi ya mchana, isipokuwa pale ambapo haiwezekani. Kifungu hakiulizi ugonjwa gani. Vyama vya wafanyakazi vinavyojadili mikataba ya hali bora navyo vina nafasi ya kuingiza jambo hili kwa jina lake, ili lisitegemee huruma ya mtu mmoja.

Mengi basi hutegemea kipande cha karatasi. Daktari anayeandika ED ya siku tatu kila baada ya wiki mbili anamchafulia mgonjwa wake jina bila kumtibu. Ofisa utumishi ataona tu mtu anayekosa kazi. Cheti kinachosaidia hueleza uwezo na mipaka ya kazi, kinataja muda, na hakitaji utambuzi wa ugonjwa pasipo idhini ya mwenyewe. Kinaweza kuandikwa hivi: “Mtajwa anafaa kwa majukumu yake yote ya uuguzi. Kwa sababu za kiafya zinazotibiwa, asipangiwe zamu za usiku kwa miezi 3 kuanzia tarehe ya cheti hiki, na awe na nafasi ya mapumziko mafupi pale anapohitaji. Atachunguzwa upya baada ya muda huo.” Nakala moja abaki nayo mwenyewe.

Miezi hiyo 3 ikitimia, daktari aulize saa za usingizi, idadi ya mara anazoamka, hali ya damu na kiwango cha himoglobini, shinikizo la damu, na kama dawa imeleta maudhi. Aulize pia jinsi alivyopokewa wodini baada ya kukikabidhi cheti kile, kwa sababu wapo wanaokiweka mkobani wasikitoe kamwe.